Maji ya Kilindini na Mboga ya Buha

Kasulu haina ufuko, na Kibondo haina. Mtu akisimama Heru Juu, huko Kasulu, haoni ziwa. Anaona migomba, mashamba ya mahindi na maharage, na vilima vinavyofuatana kuelekea mpaka wa Burundi. Ziwa Tanganyika liko chini huko magharibi, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda hizi za Waha, yaani Buha, zimelizidi kimo kwa mamia ya mita. Kwa hiyo katika vitabu vingi watu wa Kasulu na Kibondo huandikwa kuwa wakulima na wafugaji, na ziwa huachiwa Ujiji na Kigoma. Lakini ingia jikoni jioni. Ugali ukishapakuliwa, mara nyingi kinachofuata ni dagaa, na dagaa huyo amepanda milima akiwa mkavu ndani ya gunia juu ya lori au basi, kutoka kwenye maji ambayo mpishi wake huenda hajawahi kuyaona.

Dagaa huyo anaishi kwa tofauti ndogo sana ya joto. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya juu ya ziwa huwa na nyuzi 26 au 27, na ya kilindini hubaki na nyuzi 23 na kitu. Katika nyuzi hizo tatu au nne ndimo ulimo uhai wa ziwa zima, na iliwachukua watu zaidi ya miaka mia moja kulielewa hilo. Wengi wa waliochangia kulijua walikuwa wakitafuta jambo jingine kabisa.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilifika Ujiji kwa njia ya Uvinza, na nyanda za Waha zilikuwa kama lango lenye walinzi. Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo mara kadhaa hata akaamua kuondoka usiku kwa kunyata ili asikutane na mtozaji mwingine. Sokoni Ujiji kulikuwa na samaki, na kulikuwa na chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi kando ya mto Rusugi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, waliikuta chumvi hiyo ikisafirishwa mbali. Kwa maneno mengine, watu wa sehemu hizi walikuwa mabingwa wa joto na maji tangu zamani, ila joto lao lilitoka kwenye kuni.

Kuhusu maji ya chini hakuna aliyejua. David Livingstone alijaribu kulipima ziwa kwa kamba. Mbele ya mlima Kabogo kamba ilishuka zaidi ya pima 300, yaani karibu mita 600, na wakati wa kuipandisha ikakatika. Alijua tu kwamba ziwa ni refu kwenda chini. Hakuwa na njia ya kujua huko kuna maji ya namna gani.

Kilichowavuta wataalamu hatimaye ni kiumbe asiye na thamani yoyote sokoni. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu akielea katika Tanganyika. Yavuyavu ni mnyama wa baharini; anafanya nini katikati ya Afrika, ng'ambo ya milima, mwendo wa miezi kadhaa kwa miguu kutoka Bagamoyo? Ukichanganya na konokono wa ziwani wenye magamba yanayofanana sana na ya baharini, swali likawa zito. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, mwaka 1895 hadi 1896 na tena 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima kutetea hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyokatwa na nchi kavu. W. A. Cunnington alitumwa mwaka 1904 kuichunguza hoja hiyo, akarudi na mzigo wa vielelezo visivyoiunga mkono. Leo tunajua bonde la ziwa lilifunguka kwa kupasuka kwa nchi kavu, na viumbe wake walijibadilisha humohumo kwa mamilioni ya miaka.

Hata hivyo simcheki Moore. Dagaa wa Kigoma, aliye wa aina mbili, ni wa ukoo wa samaki wa bahari. Jamaa zake wa karibu wako Afrika Magharibi, na wazee wake waliingia mitoni kutoka baharini zamani mno kabla ya kulifikia ziwa. Na kwa jambo moja muhimu ziwa lenyewe linaenda kama bahari: lina maji moto juu, maji baridi chini, na hayachanganyiki kwa urahisi. Aliyeliita bahari alikosea asili yake, lakini tabia yake alikuwa ameinusa.

Miaka hiyohiyo Ulaya kulikuwa na watu walioanza kuiwaza tofauti hiyo ya joto kama mali. Mwaka 1881 Mfaransa Jacques Arsène d'Arsonval alipendekeza kwamba maji ya bahari za tropiki yanaweza kuendesha mtambo: maji moto ya juu yachemshe kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, mvuke usukume mashine, kisha maji baridi ya kilindini yaupoze mvuke urudi kuwa kimiminika. Mwanafunzi wake Georges Claude, yule aliyeleta taa za neoni, alitaka kuliona jambo hilo kwa macho. Katika ghuba ya Matanzas, Kuba, alishusha bomba la karibu kilomita mbili kuvuta maji ya chini. Bomba la kwanza likapotea, la pili likapotea. La tatu likakaa, na mwaka 1930 mtambo wake ukatoa kilowati 22. Pampu zilikula zaidi ya hizo.

Claude hakukata tamaa, na hapa hadithi yake inanivutia zaidi. Katikati ya miaka ya 1930 alipeleka meli, La Tunisie, pwani ya Brazili, na safari hii hakukusudia kuuza umeme. Alitaka kuuza barafu. Wakazi wa Rio de Janeiro walihitaji barafu, bahari ilikuwa na baridi tele chini ya mawimbi, na yeye angekuwa muuzaji wa katikati. Mawimbi yakamshinda, bomba likamshinda, meli ikaachwa. Lakini wazo lilikuwa limeshatoka: maji baridi ya chini yana kazi nyingine nje ya kuwasha taa.

Wakati Claude akipoteza mabomba yake, Tanganyika lilikuwa limeshaanza kupimwa kwa kipimajoto. Mbelgiji Louis Stappers alikaa ziwani mwaka 1912 na 1913, akashusha vipimajoto vyake kwenye kilindi na kuandika alichokiona. Kazi yake wakati huo haikuonekana kuwa kubwa. Watu walimkumbuka zaidi kwa samaki aliowakusanya, na mgebuka anayepikwa Kasulu leo anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya kisayansi. Tarakimu zake za joto zilikaa kwenye ripoti. Zingekuja kuwa na thamani kuliko samaki wote aliowaweka kwenye chupa, ila baada ya miaka 90.

Mwingereza R. S. A. Beauchamp alifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na andiko lake la mwaka 1939 kuhusu maji ya ziwa hili ndilo lililoweka picha wazi. Ukishuka, joto linapungua polepole, kisha kwa ghafla, halafu linakaribia kusimama kabisa kwenye nyuzi 23 na kitu, na hapo linabaki hadi chini. Oksijeni nayo inakwisha. Upande wa kaskazini, mbele ya Kigoma, ukipita mita 100 hivi hakuna samaki anayeweza kuishi. Upande wa kusini mpaka huo unasogea hadi mita 200 na zaidi. Chini ya hapo maji yana gesi yenye harufu ya mayai viza. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji ukaja na kipimo cha mwangwi, na André Capart akapata kilindi cha mita 1,470 katika bonde la kusini na mita 1,310 katika bonde la Kigoma. Ukiweka pamoja matokeo haya na ya Beauchamp, unaona kwamba karibu maji yote ya ziwa la pili kwa kina duniani hayana pumzi. Uhai wote umejibana kwenye tabaka la juu, jembamba kabisa ukilinganisha na kina chenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: nyuzi tatu ni nini? Tofauti ya asubuhi na saa nne hapo Kibondo inazidi hiyo. Jibu liko kwenye tabia ya maji. Maji yakiwa baridi, kuongezeka kwa joto hakubadilishi uzito wake sana. Yakiwa vuguvugu, badiliko linakuwa kubwa: kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 26 hupunguza uzito wa maji mara kumi hivi kuliko kupanda kutoka 5 hadi 6. Ndiyo maana katika ziwa la tropiki tofauti ndogo inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini na kukataa kuchanganyika nayo, mwaka hata mwaka.

Na kila kinachokufa juu huzama. Kinyesi cha samaki, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mizoga, vyote hushuka na kuoza gizani, na fosforasi na naitrojeni vilivyokuwa ndani yake hubaki huko. Kwa hiyo kilindi cha Tanganyika ni ghala la mbolea, na ghala hilo limefungwa kwa joto. Mto Malagarasi, unaokusanya maji ya Kibondo na Kasulu na kuyamwaga ziwani kusini ya Kigoma, huleta udongo wetu na rutuba yake. Lakini mimea ya katikati ya ziwa inategemea zaidi kinachopanda kutoka chini kuliko kinacholetwa na mito. Nani anafungua ghala?

Jibu likatoka kusini, Mpulungu, upande wa Zambia, ambako mtafiti George Coulter alifanya kazi katika miaka ya 1960. Kuanzia Mei hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, upepo wa kusini hulipitia ziwa kwa urefu wake wote, zaidi ya kilomita 650, ukiwa umebanwa na kuta za milima pande mbili. Upepo huo huyasukuma maji moto kuelekea Bujumbura. Kule kusini tabaka la juu linakuwa jembamba hadi maji ya chini yanajitokeza, baridi na yenye mbolea. Ukavu wa kiangazi nao hulipoza ziwa kwa uvukizi, na tofauti ya joto inapungua, kwa hiyo upepo unapata kazi rahisi zaidi. Kisha karibu na Septemba upepo unapoa. Kama ulishawahi kubeba beseni la maji kichwani ukasimama ghafla, unajua kinachofuata: maji yaliyolundikana upande mmoja hurudi, yanazidisha, yanarudi tena. Ndani ya ziwa bembea hiyo huenda na kurudi kwa muda wa karibu mwezi mmoja kila safari, na katika kila mzunguko mbolea kidogo inapenya juu, hata huku kaskazini mbele ya Kigoma. Mimea midogo inachipuka, vijidudu wa majini wanaila, dagaa wanawala vijidudu, mgebuka wanawala dagaa. Juu ya maji hutaona kitu, labda rangi iliyobadilika kidogo.

Tukirudi baharini, mwaka 1974 jimbo la Hawaii lilianzisha maabara ya nishati asilia huko Keahole, mahali ambapo kilindi kiko karibu na ufuko. Mwaka 1979 mtambo mdogo uliowekwa juu ya mashua ulifaulu kile ambacho Claude alikikosa: ulitoa umeme mwingi kuliko ulioula. Lakini umeme haukugeuka kuwa biashara kubwa. Kilichostawi ni maji yenyewe. Yakivutwa kutoka kilindini yakiwa na nyuzi 6 hivi, yalipoza majengo badala ya mashine za kiyoyozi, yalipitishwa kwenye mabomba ardhini ili mimea ya nchi za baridi iote penye joto, yalifugia samaki, chaza na mwani, na yaliondolewa chumvi yakauzwa ya kunywa. Kisiwa cha Kumejima, Japani, kilifuata njia hiyohiyo: mtambo wa majaribio wa kilowati 100 ulianza mwaka 2013, lakini wakazi walikuwa tayari wakipata riziki kwa kufuga kamba na kukuza mwani katika maji ya kilindini, kwa sababu maji hayo ni safi na yana rutuba.

Hapo ndipo ninapowaambia wenzangu wanaouliza kama Tanganyika linaweza kutupatia umeme wa aina hiyo kwamba wameuliza swali dogo. Mitambo hii inadai tofauti ya nyuzi 20 kati ya juu na chini. Sisi tuna tatu au nne. Hata kwenye karatasi, kabla ya kuhesabu pampu na msuguano, ziwa letu lisingegeuza zaidi ya asilimia moja hivi ya joto lake kuwa kazi. Bahari ya Kuba ingefika asilimia saba. Umeme wa maji wa Kigoma unatafutwa kwenye maporomoko ya Igamba, Malagarasi, kwa mradi wa megawati 49.5, na hapo ndipo mahali pake. Ila lile jambo la pili, la kupandisha maji ya kilindini ili yalishe viumbe, ambalo Hawaii na Kumejima wanalilipia mabomba, umeme na wahandisi, Tanganyika linalifanya kila kiangazi bila bomba hata moja. Kwa wastani wa katikati ya miaka ya 1990 nchi nne zilizolizunguka zilivua humo kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka. Sijui mradi wowote wa maji ya kilindini duniani unaokaribia hapo.

Kutoka hapo hadi Kibondo kuna kazi ya mikono. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, vyombo hupumzika. Zamani walitumia mienge na nyavu za mpini, baadaye karabai, na siku hizi taa za sola. Kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo na wavu katikati, hushusha wavu chini ya mwanga, dagaa wakaja, wakainuliwa. Alfajiri vyombo vinarudi Kibirizi na Katonga, na hapo joto linafanya kazi yake ya pili, safari hii la jua. Dagaa hutandazwa mchangani au juu ya chanja za wavu. Siku nzuri ya kiangazi inatosha kuwakausha. Mvua ikinyesha, na Kigoma hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, mzigo huoza au hukauka nusunusu na bei inaanguka. Anayekausha ni mwanamke, mara nyingi; anayepoteza akioza ni huyohuyo.

Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Buha ina mshindani. Dagaa wa Kigoma wana jina zuri Dar es Salaam, na mnunuzi wa Kariakoo huwa na fedha kuliko wa Kasulu. Dagaa wengine huvuka mpaka kwenda Burundi na Kongo. Kinachopanda milima ni kile ambacho wafanyabiashara wameona hakitawapa faida zaidi mbali. Halafu tangu miaka ya 1990 idadi ya walaji imepanda mno. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, wengi wao wakitoka Kivu Kusini, Fizi na Uvira, watu wa ufukoni upande wa pili wa ziwa hilohilo, ambao dagaa wanamwita ndagala na ndiye mboga ya nyumbani kwao. Mwaka 2015 Warundi wakajaa tena Nyarugusu na Nduta, Kibondo. Mgawo wa kambini una nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Samaki mtu hujitafutia sokoni, na wenyeji wa Makere au Kibondo mjini hukutana naye kwenye sado moja la dagaa.

Basi turudi kwenye vipimajoto. Kati ya 1992 na 2001 mradi mkubwa wa utafiti, ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Ufini, ulipima ziwa kila upande kutoka vituo vya Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, na ulikuwa na meli yake, Tanganyika Explorer. Kigoma kituo kilikuwa cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na vipimo vya joto vya mfululizo, vingi, vya misimu yote. Na kulikuwa na ripoti ya Stappers kwenye kabati.

Mwaka 2003 mambo matatu yalitokea mfululizo. Tarehe 12 Juni, Dar es Salaam, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja. Julai, jarida la Science lilitoa makala ya Piet Verburg na wenzake, na Agosti jarida la Nature likatoa ya Catherine O'Reilly na wenzake. Timu mbili tofauti, zikisema jambo moja: tangu siku za Stappers ziwa limepata joto, na limepata zaidi juu kuliko chini. Kufuli la ghala limekazwa. O'Reilly aliongeza kwamba upepo nao umepungua nguvu. Kwa kusoma kaboni iliyohifadhiwa katika tope la chini ya ziwa, timu yake ilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo kwa hesabu yao lingepunguza samaki kwa asilimia 30. Sahihi za Juni zilihusu nyavu, misitu na taka. Joto halikuwa na mwakilishi mezani.

Si wote waliokubali. Wataalamu wa Ufini waliofanya kazi katika mradi wa FAO, Jouko Sarvala miongoni mwao, walijibu kwamba kushuka kwa mavuno kunaelezeka kwa mabadiliko ya uvuvi wenyewe, na kwamba takwimu za samaki si imara kiasi cha kubebeshwa hoja ya tabianchi. Ubishi huo ulikuwa na haki yake. Meli za kampuni zilizoanza na wavuvi wa Kigiriki kule Bujumbura katika miaka ya 1950 zilikuwa zimefifia, wavuvi wadogo walikuwa wameongezeka maradufu na zaidi, na samaki aliyepungua kwenye wavu mmoja huenda alikuwa kwenye wavu wa jirani. Lakini ushahidi wa tope uliendelea kuja. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walionyesha kwamba joto la juu la ziwa mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kufikiwa katika miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 Andrew Cohen, ambaye kwa miaka alikuwa akiwaleta wanafunzi Kigoma, alichapisha na wenzake hesabu ya mabaki ya samaki na konokono katika tope: kupungua kulianza katika karne ya 19, kabla uvuvi wa kibiashara haujaja. Hao pia walikadiria kwamba tangu vipimo vya 1946 eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38.

Mimi nazisikiliza pande zote mbili, ila naona hoja ya uvuvi imependwa kwa sababu ina mtu wa kumlaumu. Mvuvi anaonekana, nyavu zake zinaweza kuchomwa, picha ikapigwa. Joto halina chombo cha kukamatwa.

Mwaka 2024 nchi nne za ziwa zilichukua hatua iliyokuwa ikizungumzwa kwa muda mrefu. Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu Kibirizi haikuwasha taa. Waliotunga kalenda walifikiria kuzaliana, lakini tazama miezi yenyewe: ni kiini cha majira ya upepo wa kusini, wakati ghala linapofunguliwa. Dagaa huishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi, na hukua haraka. Anayeachwa mwezi Mei huku chakula kikipanda kutoka chini hukutwa mwezi Agosti akiwa amebadilika. Kufunga kukaangukia mahali pazuri. Nyanda za juu zilikula maharage, ambayo hayakosekani Kasulu, na wafanyabiashara waliokuwa na akiba ya magunia walipata bei waliyoitaka.

Kila mwaka kabla ya Novemba Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa msimu, na mkulima wa Kibondo husikiliza redioni kama mvua itakuwa wastani au chini ya wastani ili aamue mbegu. Ningependa Septemba, upepo unapopoa, redio hiyohiyo imtangazie muuza dagaa wa soko la Kasulu joto la maji mbele ya Kigoma katika mita 50, mita 100 na mita 200, pamoja na la mwaka uliopita. Vipimajoto vyenyewe ni vya bei ya kawaida, boti zipo, kamba haitakatika kama ya Livingstone. Akijua kwamba tofauti ilipungua vizuri kiangazi hiki, anaweza kukopa na kununua magunia mapema. Ikiwa haikupungua, atanunua maharage.